Animatroniki shirikishi: sanamu inayokujibu

Animatroniki ni sanamu yenye mitambo ndani yake, inayosogeza macho, mdomo na shingo kana kwamba iko hai. Ndege wa Enchanted Tiki Room, ukumbi uliofunguliwa Disneyland mwaka 1963, walifunua midomo kwa kufuata ishara zilizorekodiwa kwenye utepe wa sumaku. Kilichorekodiwa ndicho kilichochezwa, awepo mtazamaji au asiwepo. Sanamu shirikishi ina kamera, maikrofoni au sensa ya umbali, na mwendo wake hutegemea aliyesimama mbele yake.

Ukiunda ya mezani, anza na macho. Servo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) sita zatosha: mbili za mboni, moja ya kope, moja ya taya, mbili za shingo. Jicho litangulie kugeuka, shingo ifuate baada ya takriban sekunde 0.1, vikienda pamoja utapata feni ya mezani. Kope zifumbe kila baada ya sekunde tatu hadi sita, bila kurudia muda uleule. Macho yakiharibika, hata mota ishirini hazitaiokoa sanamu hiyo.

Kisha kuna kuchelewa kujibu, na hapa ndipo wengi hukwama. Watu wakiongea huachiana kama sekunde 0.2 tu, ilhali programu ya kutambua usemi na kutunga jibu yaweza kula sekunde mbili nzima. Sanamu isiduwae. Mtu akinyamaza tu, itupe macho pembeni, iinamishe kichwa, iseme “mmh”. Viitikio hivi vihifadhiwe ndani ya sanamu yenyewe, visingoje intaneti.

Shingo ikitikisika ovyo, shuku umeme kabla ya programu. Servo zikianza kusogea kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa, volti hushuka, kidhibiti (kompyuta ndogo inayoziamuru) kinazima na kuwaka upya. Zipe chanzo chao cha volti 5 hadi 6, weka kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 1000 karibu nazo, na uunganishe waya hasi wa chanzo hicho na ule wa kidhibiti. Ukiusahau huo, ishara zitavurugika. Servo inayosukuma fremu bila kusogea huvuma, hupata moto, mwisho huungua, kwa hiyo weka mipaka ya pembe za mzunguko kwenye programu. Ipime tena baada ya kuvalisha ngozi ya silikoni, maana ngozi huvuta.

Maikrofoni nayo ikae mbali na gia, na izimwe sanamu inapozungumza. La sivyo itajisikia na kuanza kujijibu yenyewe.