Kabla ya kufunga supachaja, jua kilichomo ndani ya V8 yako

Kila anayeniuliza ni supachaja ipi (pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kushindilia hewa ndani yake) inafaa Mustang au Camaro yake ya zamani, namrudishia swali: injini hiyo ina nini ndani? Gari ambalo halijaguswa tangu kiwandani halinisumbui, kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana. Linalonipa kazi ni lile lililokwisha kuboreshwa: kamshafti kali (mhimili unaofungua valvu), hedi zilizokwanguliwa, pistoni zenye kichwa kilichoinuka, kabureta kubwa. Vitu hivyo vyote vilifungwa ili injini ivute hewa kwa nguvu zake yenyewe, na vingi vyake vinapingana moja kwa moja na hewa ya kushindiliwa.

Anza na kompresheni, yaani ni mara ngapi pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini isiyo na supachaja hufaidi ikiwa na 10.5 kwa 1 au hata 11 kwa 1. Ukiongeza busti (presha inayoongezwa na supachaja) ya bari 0.55, zile paundi 8 kwa inchi mraba zinazopatikana kwenye seti nyingi za barabarani, hewa iliyo ndani ya manifoldi inakuwa na presha takriban mara moja na nusu ya hewa ya nje. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ikiingia ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, supachaja ya aina ya Roots (ya rota mbili zinazosukuma hewa) ya muundo wa zamani, yenye ufanisi wa asilimia 60 hivi, itaitoa ikiwa karibu nyuzi 90. Ya sentrifugali (ya feni inayozunguka kwa kasi) yenye ufanisi wa asilimia 75 itaitoa karibu nyuzi 77. Hewa ya moto namna hiyo, ikikandamizwa tena ndani ya silinda yenye kompresheni kubwa, huufanya mchanganyiko ulipuke wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga kunakovunja pistoni. Kwa petroli ya kawaida ya pampu na chuma cha zamani, mimi hutulia kwenye 8.5 hadi 9 kwa 1, na juu ya hapo nadai intakula (kipoza hewa iliyoshindiliwa) bila mjadala.

Kamshafti nayo ina neno. Ile inayofanya gari lingurume kwa kusitasita likiwa limesimama huacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Kwa supachaja, muda huo ni mlango wa nyuma: hewa uliyolipia inapita moja kwa moja hadi kwenye eksozi. Ninapenda kamshafti yenye nyuzi 112 hadi 114 kati ya vilele vya kuingiza na kutoa, badala ya 106 au 108. Mlio utapungua, na najua wengine wanaupenda mlio huo kuliko mwendo.

Kisha pima hali ya injini. Kipimo cha kompresheni peke yake hakinitoshi. Najaza upepo kwenye silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, nione ni asilimia ngapi inavuja. Chini ya 10 naendelea. Ikikaribia 20 nafungua injini. Masikio yanakuambia upepo unatokea wapi: kwenye eksozi ni valvu, kwenye mdomo wa oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Ikifunguliwa, angalia mwanya wa ringi ya juu. Kwenye silinda ya inchi 4, injini ya kawaida hutosheka na milimita 0.46. Kwa busti nautaka ufike 0.61. Joto likizidi na mwanya ukiwa mdogo, ncha za ringi hukutana, ringi hukwama ukutani na kunyofoa ukingo wa pistoni. Wengi huilaumu petroli wakati kosa lilikuwa pale. Jua pia pistoni zako ni za aina gani: Mustang 5.0 za 1987 hadi 1992 zilitoka na pistoni za kufuliwa, ila za 1993 zilikuwa za kusubu, zenye silikoni nyingi, ambazo hazivumilii kugonga hata kidogo.

Mafuta ndiko ninakotaka pesa zitangulie. Hesabu yenyewe ni rahisi. Injini ya busti hula takriban paundi 0.62 za petroli kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Nguvu-farasi 500 zinataka paundi 310 kwa saa. Gawa kwa injekta 8, halafu acha nafasi ili injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, unapata injekta za paundi 48 kwa saa. Zile za kiwandani za Mustang 5.0 ni za paundi 19! Pampu nayo usiichague kwa namba ya kwenye boksi tu. Presha ya petroli lazima ipande sambamba na busti, na kila pampu hupunguza mafuta inayotoa presha inapopanda. Soma mtiririko wake katika presha utakayoitumia hasa.

Taimingi ya jumla (plagi inawasha nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu) ya nyuzi 34 au 36 haiwezi kubaki ilivyo. Kanuni ya kuanzia ni kurudisha nyuma nyuzi 1 kwa kila paundi ya busti. Distributa ya zamani haijui kama kuna busti, kwa hiyo inahitaji kisanduku kinachoipima. Plagi ziwe baridi zaidi kwa ngazi moja au mbili, na mwanya uwe milimita 0.8 hivi. Weka valvu ya njia moja kwenye mpira wa hewa ya krankikesi (kasha la chini la injini), la sivyo busti itasukuma oili nje kupitia sili.

Halafu kuna mipaka ya chuma chenyewe. Bloku ya 302 (inchi za ujazo, ndiyo hiyo 5.0 ya Mustang) ya kiwandani hupasuka katikati ikizidishiwa sana, na kwa kawaida hatari huanza karibu na nguvu-farasi 500. Giaboksi ya T-5 ya Mustang za 1990 hadi 1993 ilikadiriwa kwa torki ya futi-paundi 300, kiasi ambacho injini ya kiwandani tayari ilikuwa ikikifikia. Mkanda wa mifereji 6 huteleza mapema. Nafunga wa 8.

Siku ya kwanza barabarani, panda busti kidogo kidogo huku geji ya mchanganyiko ikiwa mbele ya macho. Nataka sehemu 11.5 hadi 11.8 za hewa kwa moja ya petroli chini ya mzigo; ikipita 12, achia pedali mara moja. Kisha zima injini, toa plagi, uzikague kwa lenzi. Ukiona vichembe vya kijivu vinavyong'aa kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni: rudisha taimingi nyuma, ongeza mafuta, na ufunge puli kubwa zaidi kwenye supachaja kabla ya kujaribu tena.