Kulaza si kuzima: feni inapogoma baada ya kompyuta kuamka

"Feni imekufa." Ukikaa kwa fundi wa kompyuta hapa Dodoma utaisikia kauli hii, na nyuma yake inafuata nyingine: "Na jana niliizima vizuri tu." Muulize mwenye kompyuta aliizimaje, atakwambia alifunga kifuniko akaitia kwenye begi. Huko ni kulaza, si kuzima. Kwa anayetumia mfumo endeshi wa Linux, tofauti hiyo inaweza kuamua kama anahitaji feni mpya au hahitaji kununua chochote.

Maana yenyewe ni fupi. Kulaza, ambako kwenye menyu kumeandikwa Suspend, ni kusimamisha kazi zote huku RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ikiendelea kupata umeme, ili ukifungua uendelee pale ulipoishia. Kuzima ni kukata umeme na kusahau kila kilichokuwa kwenye RAM. Ukiwasha, mfumo unaanza upya. Katikati kuna Hibernate: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha umeme unakatwa.

Kinachowachanganya hata wanaojua hayo ni kwamba usingizi wenyewe uko wa aina mbili. Historia yake kwanza. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa kusimamia umeme ulioitwa APM, ambao BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye madabodi, ndiyo iliyobeba kazi ya kulaza na kuamsha, na mfumo endeshi ulikuwa kama abiria. Desemba 1996 wakaja na ACPI, safari hii pamoja na Toshiba, na usukani ukahamia kwa mfumo endeshi. Hapo ndipo zilipotoka namba S3 ya kulaza, S4 ya kuhifadhi kwenye diski na S5 ya kuzima. Lakini ACPI haikuiondoa BIOS kazini. Linux inatoa amri kwa kusoma majedwali aliyoyaandika mtengenezaji wa kompyuta, na wengi wao hujaribu kazi yao kwenye Windows tu. Jedwali likiwa na kasoro, Linux ndiyo inayolaumiwa.

S3 ni kulala fofofo: prosesa inakatiwa umeme kabisa, na kompyuta ikiamka kila dreva, yaani programu inayoendesha kifaa, lazima ikipange upya kifaa chake. Aina ya pili, ambayo Linux inaiita s2idle, ni kusinzia. Prosesa haikatiwi umeme; inatulizwa tu. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazina S3 kabisa. Kuijua yako, andika kwenye terminal `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona `s2idle [deep]`, iliyo ndani ya mabano ndiyo inayotumika, na deep ndiyo S3. Iliyosinzia inaweza kushtuliwa na kifaa chochote kilichoruhusiwa kuiamsha, na ikishtuka ndani ya begi kwenye daladala ya Mtumba, inachemka humo humo bila hewa. Mwenye nayo anafika mjini na begi la moto, betri imekwisha, bado anasema aliizima.

Sasa feni. Wengi wanaamini Linux ndiyo inayoiongoza. Kwenye kompyuta mpakato nyingi, mwongozaji ni chipu ndogo iitwayo EC iliyoko kwenye madabodi, yenye programu yake yenyewe. Chipu hii haizimwi pamoja na prosesa, na mara nyingi inabaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu betri ina chaji. Kompyuta inapoamka, EC na mfumo endeshi hupaswa kuelewana upya. Wasipoelewana, feni inabaki kwenye agizo la zamani: ama inakaa kimya prosesa ikiungua, ama inavuma kwa nguvu zote kompyuta ikiwa baridi. Vivyo hivyo ukiwa umeweka programu ya kuongoza feni kama fancontrol: kuamka kunaweza kufuta mpangilio wake, na `systemctl restart fancontrol` ikairudisha feni kazini palepale. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni agizo limepotea.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, weka lm-sensors, programu ya kusoma joto na kasi ya feni, na uendeshe `sensors` mara mbili, kabla ya kulaza na baada ya kuamka. RPM (mizunguko kwa dakika) 0 kwenye nyuzi 40 si ugonjwa, maana feni nyingi hupumzika kompyuta ikiwa baridi. RPM 0 kwenye nyuzi 85 ndiyo shida. Na ikivuma sana, fungua `top` kwanza uone programu zinazotumia prosesa. Kuna programu ambazo huamka na wazimu zikaimeza prosesa nzima, na hapo feni inafanya kazi yake sawasawa. Kwenye ThinkPad, `cat /proc/acpi/ibm/fan` inakuonyesha kasi na kiwango ilichoagizwa.

Vumbi la Dodoma nalikubali. Kiangazi linaingia kila mahali, na fundi anayeanza kwa kupuliza hajakosea. Ila vumbi halijui habari za usingizi. Feni iliyojaa vumbi inalia tangu asubuhi unapowasha, na itaendelea kulia hata ukiwasha upya mara ngapi. Feni inayozunguka vizuri baada ya kuwasha upya, kisha ikagoma kila kompyuta ikiamka, ina motor nzima. Dawa yake ni kusasisha BIOS, au kuweka skripti ndogo kwenye `/usr/lib/systemd/system-sleep/` ya kuikumbusha agizo lake. Systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, huiendesha skripti hiyo kwa neno `pre` kabla ya kulala na `post` baada ya kuamka. EC ikigoma kabisa, zima kweli kweli, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia kama nusu dakika.

Basi ndugu, ukifika kwa fundi usimwambie feni imekufa, maana atakuuzia feni. Mwambie hivi: "Nikiiwasha inazunguka, nikiilaza ikaamka haizunguki."