Kupuliza kaseti ya gemu si dawa
Hapa Uganda, iwe Arua au Kampala, waliokulia kwenye gemu za kaseti wanaijua ibada ile: Super Mario Bros. ya 1985 inagoma, unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha, inawaka. Basi pumzi ikapewa sifa isiyo yake. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kurudisha tu: meno ya kaseti yanasuguana na pini za mashine, yanagusana upya. Pumzi ina unyevu, nao huleta kutu polepole. Nintendo wenyewe, waliotengeneza gemu hiyo, walikataza kupuliza. (Mate ya watoto wa jirani ndiyo usiseme.) Tumia kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo, sugua meno ya kaseti, acha ikauke. Kisha cheza, kwangu Mario bado anashinda gemu nyingi za simu.