Uuo si jina: elementi za maabara zinavyopata majina

Chumba ninachofundishia tuisheni hapa Igoma, Mwanza, kina jedwali la zamani la elementi ukutani. Kisanduku cha 118 kimeandikwa Uuo. Kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kukariri herufi hizo, na kila mwaka namwonyesha pale nilipoandika Og kwa kalamu nyekundu.

Dhana: Uuo lilikuwa jina, likafutwa.
Lilishika nafasi tu. Tarakimu hugeuzwa silabi: 1 ni "un", 8 ni "oct". Ndiyo ununoctium, kwa kifupi Uuo. Jina la kudumu, oganesoni (Og), lilipitishwa Novemba 2016 pamoja na nihoni, moskovi na tenesini.

Dhana: Aliyeitengeneza hujiamulia jina.
Hupendekeza tu, tena baada ya jopo la wanakemia na wanafizikia wa kimataifa kuukubali ushahidi wake. Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi. Maabara ya RIKEN, Japani, ilipiga bismuthi kwa viini vya zinki ikitafuta elementi ya 113. Ilipata atomu moja 2004, nyingine 2005, ya tatu 2012, na kila moja ilitoweka kabla hata ya kupepesa jicho. Wavuvi wa dagaa pale Kirumba wanajua usiku wa kurudi mwaloni mikono mitupu. Hawa walivumilia miaka!

Hata baada ya hapo hawakuwa huru. Jina lazima litokane na hekaya, madini, mahali, sifa ya elementi au mwanasayansi. "Nipponium", kutoka Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, lilishatumika 1908 katika dai lililokataliwa, na jina la namna hiyo halirudiwi. Wakachukua Nihon, namna nyingine ya kuitaja Japani kwa Kijapani, ikawa nihoni. Kisha umma ukapewa miezi 5 ya kutoa maoni.

Dhana: Watu wakiwa wengi, jina linapita.
Zaidi ya 100,000 walitia saini elementi mojawapo iitwe lemmium, kwa heshima ya mwanamuziki Lemmy. Haikuitwa hivyo.

Dhana: Elementi hupewa jina la marehemu pekee.
Mwanakemia Glenn Seaborg alikuwa hai elementi ya 106 ilipothibitishwa kwa jina lake mwaka 1997. Mwanafizikia Yuri Oganessian, ambaye oganesoni ina jina lake, naye alikuwa hai 2016.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama Mwanza nayo inaweza kupata elementi. Nikamwonyesha ya 105, dubni. Dubna ni mji wa Urusi, mdogo kuliko Mwanza. Kanuni haituzuii, nikamwambia. Tunachokosa ni mashine ya kuharakishia viini vya atomu, na watu wa kukesha nayo.