Kipimo cha Vitamini D kwa Mgonjwa Aliyelazwa: Maswali na Majibu

Je, kila mtu mzima anayelazwa apimwe vitamini D?

Hapana. Kipimo hiki humfaa yule ambaye majibu yake yatabadilisha matibabu: mwenye kalsiamu iliyoshuka, aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kidogo tu, mwenye ugonjwa sugu wa figo au ini, au anayetumia fenitoini ya kifafa au rifampisini ya kifua kikuu, dawa ambazo hulifanya ini liivunje vitamini hii upesi. Daktari akimwambia mgonjwa ainuke kitini huku amekunja mikono kifuani, naye akashindwa, au akimbonyeza muundi kwa kidole gumba naye akaguta kwa maumivu, hapo pana sababu ya kupima.

Jua letu ni kali mwaka mzima. Upungufu unatoka wapi?

Jua la nje halimfikii aliye ndani. Mzee aliyelala kitandani miezi mitatu baada ya kiharusi hapati mionzi ya jua ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D, hata kitanda chake kikisogezwa dirishani, kwa sababu kioo huizuia. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Majibu ya maabara yanasema 18. Je, ni kidogo?

Tazama kwanza kizio kilichoandikwa pembeni. Nanogramu 18 kwa mililita ni sawa na nanomoli 45 kwa lita, na hapo mgonjwa amepungukiwa kidogo tu, kwani watu wengi hutoshelezwa na nanogramu 20. Lakini nanomoli 18 ni upungufu mkubwa. Lipo jingine ambalo husahaulika mno wodini: vitamini hii husafirishwa katika damu na protini ambayo hushuka wakati wa maambukizi makali au baada ya upasuaji, na dripu nyingi huizimua damu, hivyo kipimo cha siku ya pili ya nimonia chaweza kuonyesha kiwango cha chini kuliko hali halisi. Pasipo dalili za upungufu, ni afadhali kurudia baada ya mgonjwa kupona.

Dozi kubwa ya mara moja haiwezi kumwokoa mgonjwa mahututi?

Ilijaribiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa wagonjwa mahututi wenye upungufu yuniti 540,000 kwa mkupuo, na vifo ndani ya siku 90 havikupungua. Upungufu uliothibitishwa hutibiwa taratibu, mara nyingi kwa yuniti 50,000 kila wiki kwa wiki 6 hadi 8, kisha dozi ndogo ya kila siku. Anayejinunulia dawa bila kupimwa aweza kupandisha kalsiamu hadi akapata kiu isiyoisha, kichefuchefu, choo kigumu na madhara ya figo.