"Mwanangu hapendi mboga": tuyasahihishe haya kuhusu lishe ya watoto wa shule

"Mwanangu hapendi mboga, nimeshamjaribu." Walimu wa madarasa ya chini nao husema hivyo hivyo. Ukiuliza amejaribiwa mara ngapi, unaambiwa mbili au tatu. Hazitoshi! Chakula kigeni mtoto anaweza kukihitaji mara 8 hadi 15 ndipo akizoee, hasa kikiwa na uchungu.

Kosa la darasani ni kuleta mboga tano siku moja, halafu basi. Chagua moja, mfano nyanya chungu, uirudie kila wiki muhula mzima. Tafuta changa; zilizoanza kuwa nyekundu huzidi uchungu. Karanga za kusaga huupunguza, lakini kwanza waulize wazazi kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga. Watoto wanawe kwa sabuni, kisha kila mmoja apate kipande kidogo kama ncha ya kidole gumba. Anuse, alambe, aume. Akishindwa ateme kwenye karatasi, asikaripiwe. Mwalimu ale nao. Asiulize "Ni tamu?" Aulize mdomoni ikoje: laini, inateleza, inakwaruza? Mtoto anayetafuta neno la kuielezea huendelea kutafuna.

Na tafadhali, acheni "maliza mboga nikupe soda". Hapo mtoto amefundishwa kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo tuzo. Soda ya kawaida ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 40. Chupa moja imekaribia kukimaliza.

"Makundi ya vyakula wameshayakariri." Sawa, sasa wachore walichokula jana usiku. Kama ni ugali na maharage, wataje kilichokosekana: mboga za majani, tunda. Bila zoezi hilo, kukariri hakufiki jikoni.

"Rozela huongeza damu kwa sababu ni nyekundu." Rangi haihusiki. Damu inataka madini ya chuma: maini, dagaa, maharage. Chungwa linaloliwa pamoja na maharage husaidia chuma chake kufyonzwa. Chai huzuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya mlo.

"Chakula bora ni ghali." Mabango yenye tufaha na brokoli ndiyo yanayoieneza dhana hii. Yabandueni, watoto wachore papai, mchicha na dagaa wanaouzwa gengeni kwao.