Je, wajua kwa nini kanisa moja la Italia lilitobolewa dari?

Ukiingia kanisa la San Petronio mjini Bologna siku ya jua kali, subiri jua lifike kilele. Kutoka kwenye tundu lililo darini, kimo cha mita 27 hivi, duara la mwanga hutua sakafuni, likatambaa polepole hadi kuukata mstari mnyoofu wenye urefu wa karibu mita 67. Tundu lenyewe halizidi upana wa vidole viwili. Alilitoboa Giovanni Domenico Cassini, mtaalamu wa falaki, mwaka 1655, kwa ridhaa ya wasimamizi wa kanisa, tena katika mji uliokuwa chini ya utawala wa Papa.

Miaka 22 tu kabla yake, Roma ilikuwa imemhukumu mwanafalaki Galileo kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Iweje basi kanisa ligeuzwe chombo cha kupimia jua hilohilo?

Sababu ni Pasaka. Sikukuu hiyo huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, siku inayohesabiwa kuwa mchana na usiku vimelingana. Aliyewahi kukesha akisubiri habari za mwezi mwandamo wa Ramadhani anaelewa adha ya ibada inayofuata mbingu. Kalenda ya zamani, ya Julius Caesar, iliupa mwaka siku 365 na robo, ikazidisha kama dakika 11. Dakika 11 ni chai ya asubuhi, lakini tangu Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, zilikuwa zimejikusanya zikawa siku 10. Papa Gregori wa 13 akazifuta: mwaka 1582 Waitalia walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15.

Kuhakikisha hesabu mpya haitelezi kulihitaji kipimo kikubwa, maana mahali mwanga unapoukata mstari huonyesha jua limefika wapi katika mwaka wake, na nani alikuwa na jengo refu, lenye giza, lisiloyumba, kama si kanisa? Mtawa Mdominiko Egnazio Danti alikwisha kuchora mstari humo San Petronio mwaka 1576, ukapotea kanisa lilipopanuliwa. Waislamu nao walikuwa na lao: karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zinalingana na zile alizochapisha mwaka 1543 Copernicus, mwanafalaki aliyesema dunia hulizunguka jua.

Turudi Bologna, maana Cassini hakuishia kwenye Pasaka. Katika safari yake ya mwaka, jua huonekana kwenda mbio zaidi Januari kuliko Julai. Wa kale walisema ni macho tu: mwendo haubadiliki, umbali ndio unaobadilika. Mwanafalaki Mjerumani Kepler alisema hapana, mwendo wenyewe hubadilika pia. Ingekuwa ni umbali peke yake, upana wa jua ungebadilika kwa kiwango kilekile cha kasi. Cassini akapiga magoti, akapima duara lile la mwanga siku baada ya siku. Upana ulibadilika kwa nusu tu ya kiwango cha kasi.

Kepler alikuwa sahihi. Kipimo hicho hakikuthibitisha kwamba dunia inalizunguka jua, na Cassini hakudai hivyo. Ila kitabu kimojawapo cha Kepler kilikuwa kwenye orodha ya Roma ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na ushahidi wa kumuunga mkono ulikuwa umetoka sakafuni mwa kanisa.